Fanani Bila Hadhira: Kuisoma Hotuba ya Mjuzi wa Kompyuta

Kuna hotuba moja ambayo ukikaa Machakos muda wa kutosha utaijua kwa moyo kabla msemaji hajamaliza sentensi ya kwanza. Utaisikia kwenye mahafali, kwenye kongamano la vijana, hata ndani ya matatu ya kwenda Nairobi ukikaa karibu na kijana mwenye begi la kipakatalishi. Siku hizi inaandikwa pia, tena sana, na wanaoiandika wengi ni watu wa rika letu, wasomaji wa majarida kama hili. Inaenda hivi: kompyuta za kizazi kipya zimeshafika. Akili unde itaandika, itatibu, italima. Konza itakuwa mji. Halafu, sifa zikiisha, pigo linashuka: shida ni watu wetu. Mwananchi wa kawaida hajui. Ana simu ya elfu ishirini na kazi yake ni kutuma salamu za Jumapili. Nywila yake ni mwaka aliozaliwa. Hajui tofauti ya intaneti na WhatsApp. Basi tutaachwa nyuma.

Sitamtaja msemaji mmoja kwa sababu si mmoja. Hotuba hii imekuwa utanzu, na nataka niisome hivyo, jinsi tulivyofundishwa shuleni kusoma ngano. Ina mwanzo wake maalumu (mara nyingi ni "dunia imeshahama"). Ina chuku ya kutosha. Ina mhusika jagina, ambaye ni msemaji mwenyewe, na mhusika bapa mmoja anayebeba makosa yote: mwananchi wa kawaida. Huyu hana jina, hana kijiji, hana swali hata moja. Yupo ili asijue.

Tazama kitenzi chenyewe. "Hajui." Kiswahili kinakuruhusu kukiacha hivyo, bila kusema hajui nini, na hapo ndipo hotuba inapopata nguvu zake. Mtu akikuambia mama fulani wa Kathiani hajui kubadilisha namba ya siri ya simu, utasema sawa, tumfundishe, ni kazi ya dakika tano. Akikuambia mama huyo "hajui" tu, umepewa mtu mzima aliyefungwa ndani ya neno moja. Hakuna dakika tano zitakazomtoa humo.

Nimesoma makala nyingi za aina hii na karibu zote zinaruka jambo moja la historia yetu wenyewe. M-Pesa, ambayo kila mjuzi huitaja kama ushahidi kwamba Kenya ni nchi ya teknolojia, haikubuniwa kuwa kitu tunachokijua leo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, kwa pesa za kampuni ya Vodafone na za mfuko wa serikali ya Uingereza, na lengo lilikuwa dogo: watu waliokopa kutoka shirika la mikopo midogo la Faulu walipe madeni yao kwa simu. Basi. Waliopewa simu za majaribio walilipa mikopo, ndiyo, lakini wakaanza na mambo ambayo hakuna mhandisi aliyeyaandika. Kuna walioweka pesa jioni na kuzitoa asubuhi kwa sababu benki ilikuwa imefungwa na hawakutaka kulala na pesa nyumbani. Kuna waliokuwa na safari. Wakaweka pesa kwa wakala upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, mfuko mtupu njiani. Kuna waliowanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi, wao wakajua la kufanya nao. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi ule, waliyaandika haya wenyewe mwaka 2007. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na ujumbe ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Kwa hivyo nani alijua? Mhandisi alijua jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka simu hadi simu. Mtumiaji alijua pesa ni za nini, nyumbani ni wapi, na njia ya kwenda huko ina hatari gani. Ukiondoa ujuzi wa pili, ule wa kwanza ungebaki mfumo mzuri wa kulipa madeni ya shirika moja. Na bado ukisoma makala za leo utadhani M-Pesa ilishuka kutoka juu na wananchi wakaletewa, kama mbegu za msaada.

Mfano mwingine unanikera zaidi, manake walicheka watu niliowadhania wana akili. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, neno "seva" liliingia katika kila mazungumzo. Sokoni, kwenye stendi ya bodaboda, kwa kinyozi: wafungue seva! Wajuzi walijishikilia mbavu. Ati mtu anayedhani seva ni kabati lenye kufuli anaidai ifunguliwe. Vichekesho vilikuwa vingi. Kumbe Mahakama ya Juu nayo iliagiza tume ya uchaguzi iruhusu ukaguzi wa seva hizo, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba 2017 matokeo ya urais yakafutwa, kutotii huko kukiwa mojawapo ya mambo yaliyotajwa katika uamuzi. Mtu wa stendi hakuweza kukueleza seva hufanya kazi vipi. Aliuliza swali lililo sahihi: nani ana ufunguo, na kwa nini hataki tuone? Mjuzi, aliyeweza kueleza seva hufanya kazi vipi, hakuwa na swali lolote. Alikuwa na kicheko.

Hebu sasa nimpe haki yake, maana ana haki kubwa kuliko ninavyofanya ionekane. Kutojua kupo, na kunaumiza. Kila familia hapa ina hadithi ya simu iliyopigwa na mtu mwenye sauti ya upole, akijifanya wa kampuni ya simu, na pesa za karo zikaondoka. Julai 2023 watu walipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, na kupewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Zaidi ya Wakenya laki tatu walikuwa wameandikishwa. Tarehe 2 Agosti serikali ikausimamisha mradi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mjuzi wetu alikuwa wa kwanza kuandika: mmeona? Wameuza macho.

Lakini soma tena tukio lile, polepole. Mtu wa foleni alijua bei ya unga, alijua kodi ya nyumba inalipwa tarehe ngapi, na alijua shilingi elfu saba zinaziba shimo gani. Ambacho hakukijua ni picha ya mboni inakwenda wapi na itakaa huko miaka mingapi. Hilo hakuambiwa kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sheria yetu wenyewe, inasema ridhaa lazima iwe ya mtu aliyeelezwa na aliyekubali kwa hiari. Kwa hivyo kutojua kwake kulikuwa pia kosa la mtu mwingine, aliyesimama upande wa pili wa ile mashine ya duara. Na wajuzi walikuwa wapi wiki ile? Wengi walikuwa wanaisifu mashine. Nilihesabu vichwa vya makala hadi nikachoka: mapinduzi, fursa, Kenya yaongoza. Lawama kwa foleni zilikuja baada ya serikali kusema simama.

Jambo la hatari zaidi, nadhani, halimo kabisa katika hotuba hii, na ni jambo ambalo mtu yeyote wa Machakos analiona kila siku. Ni saiba.

Mwisho wa Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia eCitizen, na programu ya simu ikapewa jina tamu la kimtaa, Gava Mkononi. Mwezi uliofuata mfumo huo ulishambuliwa na kundi la wadukuzi na huduma zikayumba kwa siku kadhaa, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kwa watu wengi gava haiko mkononi, iko saiba. Cheti cha kuzaliwa, kodi ya KRA, mkopo wa HELB, leseni, na tangu Oktoba 2024 usajili wa bima mpya ya afya ya SHA kwa asiyeweza kujisajili mwenyewe kwa simu: yote yanapitia kijana mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta tatu na mashine ya fotokopi, karibu na stendi au mkabala na ofisi ya chifu.

Nimekaa kwenye benchi hizo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Anaingia mzee, anavua kofia. "Mwanangu, wameniambia nilete ile karatasi ya kompyuta." Kijana anaelewa. "Keti umau. Leta kitambulisho na simu." Simu inalia, ujumbe umeingia, mzee anaunyoosha mkono wake na simu yote kama mtu anayetoa sadaka. Kijana anasoma tarakimu sita, anaziandika. Anaunda nywila. Mzee ataisahau, wote wawili wanajua, kwa hivyo inaandikwa kwenye daftari la saiba, lenye jalada la bluu, pamoja na nyingine mia tatu. Mzee analipa shilingi mia, anashukuru, anaondoka akiwa na karatasi. Utu wake wa kidijitali umebaki ndani ya droo.

Kijana huyo mara nyingi ni mtu mwema. Ni mrithi wa mwandishi wa barua wa zamani, yule aliyekaa nje ya posta na kumwandikia mke wa mtu barua ya kwenda Mombasa, akijua siri za nusu ya mji na asiseme. Fasihi yetu ilimjua mwandishi wa barua. Huyu wa saiba bado sijamwona vizuri katika hadithi yoyote, na ni hasara, kwa sababu daftari lile lina riwaya nzima. Ila barua iliweza kuvujisha aibu tu. Nywila inaweza kuvujisha shamba. Mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na nia iliyotangazwa ni kufika nchi nzima. Hapa Ukambani, ambapo ndugu hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa hatua tatu, fikiria daftari la bluu litakuwa na uzito gani siku hiyo.

Mjuzi akiliona daftari anasema: ujinga. Mimi naona watu waliojenga daraja kwa mbao walizokuwa nazo, kwa sababu waliojenga barabara hawakufikiria mto. Mfumo uliobuniwa kwa dhana kwamba kila mtu ana simu yake, barua pepe yake, macho mazuri, Kiingereza cha kutosha na kumbukumbu ya nywila tisa, umebuniwa kwa ajili ya mjuzi mwenyewe. Hakubuni kwa wengine, kisha anashangaa wengine hawafiti.

Tatizo la lugha nalo limetukaa shingoni, na hapo lazima niwageukie walimu wangu wa Kiswahili pia. Tuna tarakilishi, kipakatalishi, rununu, nywila, kisakuzi. Tulizikariri kwa mtihani. Tanzania waliwahi kuwa na ngamizi. Sina ugomvi na kubuni maneno. Lugha isiyobuni hufa. Ila nenda pale soko la Marikiti la Machakos uombe "rununu" uone kama hutaulizwa ni tunda gani. Watu wanasema simu, kompyuta, laini, bando, kuflash, kureverse. Wamelitohoa kila walilolihitaji, na wakaacha ambalo hawakulihitaji. Wasomi walioketi mezani kubuni msamiati bila kumuuliza mtu wa soko, kisha wakamlaumu kwa kutojua Kiswahili sanifu, wanaimba wimbo uleule wa mjuzi wa kompyuta kwa ala nyingine. Linganisha na menyu ya M-Pesa kwa Kiswahili: tuma pesa, toa pesa, weka namba ya siri. Hakuna neno hapo ambalo susu yangu hakulijua kabla ya umeme kufika kwake.

Na kuna mtu aliyewahi kuifanya kazi hii vizuri, tena kutoka pande hizi hizi. Inasimuliwa kwamba Syokimau, nabii wa Wakamba wa karne ya 19, aliwaambia watu wake kuhusu nyoka mrefu atakayetoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande mwingine akitoa moshi, na watu wageni watakaobeba moto mifukoni. Garimoshi na kiberiti. Acha swali la unabii kando, nalitazama kama mhakiki. Syokimau hakuwaambia wasikilizaji wake kwamba hawajui. Alichukua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona akakivika ngozi ya kitu walichokijua na kukiogopa. Na tamathali yake ilibeba onyo: nyoka hupita kwako, si lazima akuulize. Ndivyo ilivyokuwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 bila kupitia mji wa Machakos, na makao ya utawala wa Waingereza yakahama yakaufuata. Mji uliokuwa mkubwa ukawa wa pembeni kwa sababu ya mashine iliyopita mbali kidogo.

Leo jina lake liko kwenye stesheni ya treni iliyofunguliwa Novemba 2012. Miezi miwili baadaye, Januari 2013, Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, ekari 5,000, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, mahali ambapo kwa miaka mingi jina Konza lilikuwa la stesheni tu. Kituo cha data cha taifa kiko huko sasa. Kwa hivyo ile seva ambayo watu walichekwa kwa kuitaka, au angalau ndugu zake, inakaa nyikani mwetu, nyuma ya uzio. Kati yake na daftari la bluu hakuna hata saa mbili za matatu. Sijasoma makala hata moja ya mjuzi inayoziweka mbili hizo kwenye ukurasa mmoja.

Ndiyo maana nimerudi kusoma Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 bila kushtakiwa, na hakuwa na haja ya kuvisifia vyombo. Katika riwaya hiyo Dzombo anatiwa ndani ya chombo cha angani kama adhabu ya kifo. Waliomtia humo wanatarajia chombo kimuue. Badala yake anakimudu, anakiongoza, na anafika katika nchi ambayo jina lake ukilikata vipande linasema wale ni sisi. Wengi huisoma kama njozi ya siasa, na ni sawa. Mimi sasa inanisimamisha pale mwanzoni, kwenye dhana ya watawala kwamba mtu wa kawaida akiwekwa mbele ya vitufe atakufa. Dhana hiyo ndiyo roho ya hotuba ya mjuzi. Mkangi aliipindua kwa kumpa mhusika wake kitu ambacho mwananchi wa makala zetu hapewi: muda wa kuvitazama vitufe, na sababu ya kutaka kufika.

Fanani wa ngano akisema "paukwa", hadhira hujibu, na asipojibiwa hawezi kuendelea. Mjuzi wetu anaendelea. Akili unde anayoihubiri leo, kwa taarifa yake, imefunzwa kwa sehemu na vijana wa Nairobi waliokaa mbele ya skrini kuchambua maandishi machafu kwa malipo ya chini ya dola mbili kwa saa, kama jarida la TIME lilivyofichua Januari 2023. Wakenya wa kawaida. Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde hadi 2030, na makala zilifuata siku ileile, na aya ya mwisho ya nyingi ilikuwa ileile: shida ni watu wetu.

Ningependa kusoma moja iliyoandikwa kutoka kwenye benchi. Mwandishi aende saiba yoyote ya Machakos tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, saa kumi jioni, mfumo ukiwa unasuasua. Foleni imefika nje hadi kwa muuza mahindi. Kuna wasiokuwa na kazi waliokuja kuiambia serikali kwamba hawakupata kitu mwaka mzima, na wanalipa ili kuisema hiyo sifuri. Mama mmoja amefika mbele. Kijana hainui macho kutoka kwenye kioo, vidole viko tayari, na kwa sababu kuna kelele anauliza nywila kwa sauti. Mama anageuka kwanza, anawatazama walio nyuma yake, kisha anaomba kalamu.